Bata mtundu na shamba la mfukoni: magemu mawili yaliyokaa nyumbani kwetu Mikindani

Magemu niliyakuta utotoni kwenye kibanda kimoja Mtwara mjini. Unalipa, unashika pedi, unafungwa mabao, unampisha mwenzako. Kulikuwa na mpira na ngumi, basi. Gemu lisilonitaka nimshinde mtu sikuwahi kulijua mpaka binamu yangu alipokuja likizo kutoka Dar es Salaam, msimu wa korosho umepamba moto, na kompyuta yake yenye Untitled Goose Game.

Wewe ni bata bukini. Mweupe, shingo ndefu, uko kwenye kijiji cha Uingereza chenye bustani, maduka na watu wanaopenda utulivu wao. Unapewa orodha ya vituko vya kuwafanyia, na gemu zima ndilo hilo. Limetengenezwa na House House, kikundi kidogo cha Melbourne, Australia, likatoka Septemba 2019. Unaweza kukimbia, kuinamisha shingo, kubeba vitu kwa mdomo, kutanua mabawa na kupiga kelele. Huumii, hufi, huanzi upya. Ukikamatwa, mtu anachukua kitu chake na kukufukuza, unarudi tena ukiwa na akili mpya.

Tulianza na mtunza bustani. Kumwibia funguo ilinichukua jioni nzima, maana nilikuwa nachomoa na kukimbia, naye ananifuata. Baadaye ndipo nikaelewa jinsi gemu linavyokwenda: yule mzee anajua kila kitu chake kinakaa wapi. Akikuta kimehama, anaacha kazi na kwenda kukirudisha. Kwa hiyo unahamisha kimoja ili upate kingine. Kuna kazi ya kumvalisha kofia ya jua, ambayo haipatikani kwa nguvu. Unasubiri ainame, unanyakua kofia iliyo kichwani, na yeye mwenyewe anakwenda kuvaa ile nyingine. Siku tuliyoiweza, nyumba nzima ilipiga kelele.

Nasema nyumba nzima kwa sababu hapa ndipo gemu hili lilinishika moyo. Bibi alikuwa kwenye mkeka wake anabangua korosho, na hajui Kiingereza hata neno. Lakini kinanda cha gemu hili kinafuata mwendo wa bata: ukinyata kinagusagusa tu, ukifukuzwa kinakimbia na wewe. Bibi akawa anakisikiliza hicho. Kikichangamka, anaacha korosho na kuinua macho: “Ameonekana huyo!” Kwenye kazi ya kuandaa mandari, ambapo unahamishia vyakula na redio kwenye kitambaa karibu na maji, redio ilianza kuimba mdomoni mwa bata na mzee akaja mbio. Bibi akasema, “Si ungemwagia maji kwanza, mjukuu wangu, akashughulike na nguo?” Tukajaribu. Mzee alilowa, na kumlowesha kumbe nako kulikuwemo kwenye orodha.

Wapwa zangu wawili, wa miaka minane na kumi, walicheza pamoja. Tangu 2020 gemu linaruhusu bata wawili, nyongeza iliyotolewa bila malipo. Mmoja anapiga kelele upande wa pili wa uzio, mwingine anabeba mali. Hawakuhitaji kusoma chochote isipokuwa orodha, ambayo niliwatafsiria.

Mtaa wa maduka kuna mtoto mwenye miwani anayemwogopa bata. Kazi mojawapo ni kumtisha mpaka ajifungie kwenye kibanda cha simu. Mpwa wangu mdogo akaweka pedi chini. “Mjomba, huyu tumwache. Hajatukosea.” Nilidhani tutakwama, kumbe si lazima umalize kila kazi ndipo usonge mbele. Unaruhusiwa kubakiza moja. Tukaibakiza hiyo, na ukurasa ukafunguka vilevile. Nilimpenda sana mtengenezaji aliyeacha nafasi hiyo, hata kama hakuwaza mtoto wa Mikindani.

Kasoro yake ni ufupi. Mchezaji mzoefu atalimaliza kwa saa chache, na dola 20 hivi lililotokea nazo si fedha ndogo kwetu. Pia halipo kwenye simu. Binamu aliporudi Dar, bata naye akaondoka.

Ndiyo maana nikanunua Stardew Valley ya simu. Unalipa mara moja, hakuna matangazo, na ukishalishusha halidai bando. Gemu hili lilitengenezwa na Mmarekani mmoja, Eric Barone, peke yake kwa zaidi ya miaka minne, likatoka 2016. Unarithi shamba la babu, unafyeka, unapanda, unamwagilia, unavua, unasalimiana na watu wa mjini.

Kwa mtu aliyekulia kwenye mikorosho, zao linalokomaa kwa siku nne ni muujiza. Mkorosho unaungojea miaka, na ukishafika unaupulizia salfa, unapalilia chini yake, unaomba ukungu usile maua. Lakini hesabu ya majira nimeiona ni ya kweli. Kila majira yana siku 28, na yakigeuka, mazao ya majira yaliyopita yanakauka usiku mmoja. Sisi Kusini tuna mvua ya msimu mmoja, hatuna ya pili ya kufidia, na anayechelewa kupanda anajua. Nilipoteza shamba zima la kwanza namna hiyo na nikakaa kimya kwa muda.

Uvuvi wake sijaupenda kwenye simu. Unatakiwa kumshikilia samaki ndani ya mstari wa kijani kwa kidole, na kidole chenyewe kinaziba unachokitazama. Maandishi ni madogo, ni mengi, na Kiswahili hakimo, kwa hiyo wapwa wanachoka haraka. Bibi ndiye ameshangaza. Kila jioni anauliza kama nimemwagilia.

Leo kwenye gemu ni siku ya 26 ya mapukutiko. Maboga yangu yanaiva kesho, na keshokutwa ndiyo siku ya mwisho kabla ya theluji. Bibi ameomba nisivune akiwa msikitini.