Huduma ya Y Combinator ya kutafuta mwanzilishi mwenza: tathmini ya mtu asiyejua kuandika programu

Kwa miaka sita niliuza katika duka la dawa muhimu jijini Dar es Salaam, kisha nikaamua kuanzisha kampuni ya kuwawezesha wenye maduka kama hayo kujua, kwa simu tu, dawa ipi inakaribia kuisha muda wake na ipi imebaki kidogo. Biashara hiyo naijua, lakini kuandika programu sijui. Mtaalamu niliyemlipa mwanzoni alinikabidhi mfumo akaenda zake, na siku ya kwanza muuzaji alipotaka kutoa vidonge kumi badala ya boksi zima, mfumo ulikataa, wala hapakuwa na wa kuurekebisha. Hapo nikajua kwamba namhitaji mtu mwenye sehemu yake katika kampuni.

Y Combinator, taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2005 na inayowekeza katika kampuni changa, ilifungua huduma hii mwaka 2021. Ni ya bure, na si lazima uwe umewahi kupata fedha zao. Unajaza wasifu ukieleza uko wapi, kama wewe ni mtaalamu wa teknolojia, kama tayari una wazo, majukumu gani utayabeba na lini utaweza kufanya kazi hiyo muda wote. Kisha unaletewa wasifu wa wengine, unamwalika unayemtaka kwa ujumbe mfupi, naye akikubali ndipo mnaweza kuwasiliana.

Fomu hiyo peke yake ilinifaa sana. Swali la lini nitaacha ajira nililikwepa kwa siku mbili, kwa sababu nilikuwa natafuta mtu wa kujitosa wakati mimi mwenyewe bado nimeshika mshahara.

Mialiko yangu ya kwanza, iliyosifu wazo langu kwa aya tatu, haikujibiwa. Nilipoandika upya na kueleza kwamba wenye maduka kumi na mmoja wamekubali kuujaribu mfumo na watatu wameshatoa kianzio, majibu yakaanza kuja. Mtaalamu mzuri ana mawazo yake mwenyewe na waajiri wanaomtafuta, kwa hiyo anachotaka kuona kwako ni wateja, ambao yeye asingewapata kwa urahisi.

Jambo ambalo wasifu hauwezi kukuonyesha, hasa usipojua programu, ni kama mtu ana uwezo kweli. Nilimwomba binamu yangu, ambaye kazi yake ni hiyo, aketi nami katika mazungumzo, na msaada wake ulikuwa mkubwa. Hata hivyo uamuzi ulitokana na kazi ya majaribio, ambayo huduma yenyewe huihimiza. Niliwapa watu wawili, kila mmoja kwa wiki tatu, tatizo lile lile la boksi na vidonge. Wa kwanza aliandika programu ambayo binamu yangu aliisifu kwa unadhifu wake, ila hakuniuliza swali hata moja kuhusu duka. Wa pili, kijana wa Nairobi, alipanda basi akaja, akakaa alasiri mbili nyuma ya kaunta kule Mbagala, kisha akauliza kwa nini muuzaji anaandika kwanza kwenye daftari ndipo aguse simu. Muuzaji akamjibu kwamba foleni ikiwa ndefu na mtandao ukikatika, daftari halimwangushi. Wiki iliyofuata kijana alileta programu inayofanya kazi bila intaneti na kutuma taarifa mtandao unaporudi, na huyo ndiye niliyemchagua.

Upungufu ninaouona ni kwamba baada ya kukutana, mambo ya sheria yanabaki kwenu wenyewe, na ushauri unaopatikana umejengwa juu ya desturi za Marekani. Y Combinator hushauri hisa zigawanywe sawa au kwa kukaribiana, na desturi ya huko ni mtu kuzipata kidogo kidogo kwa miaka minne, bila kupata chochote akiondoka kabla ya mwaka wa kwanza kutimia. Masharti hayo tuliyakubali yote, tukagawana nusu kwa nusu, lakini tulimlipa wakili wa hapa ayaandike katika mkataba wa wanahisa, tukatia saini sote wawili, na baada ya hapo ndipo tukapeleka maombi ya kusajili kampuni BRELA, yaani Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni wa Tanzania.