Fimbo ya flai ya samaki wakubwa: anza na namba 10, 12 baadaye

Kila nikisubiri pantoni ya Msangamkuu, Mtwara, na begi langu la fimbo lazima mtu aniulize fimbo ya flai, yaani ya kuvulia kwa chambo bandia cha manyoya, anunue namba ngapi, sasa acha niandike mara moja niishi kwa amani.

Kwanza ile namba yenyewe. Kwenye flai unachorusha ni mshipi, chambo ni manyoya tu hakina uzito wa maana, kwahiyo namba ya fimbo ndo inakwambia uzito wa mshipi wake: mita 9 za mwanzo za namba 8 hazifiki gramu 14, namba 10 ni kama 18, namba 12 karibu 25. Dukani hizo gramu 7 utaziona utani, we zirushe toka asubuhi mpaka jua la Msimbati limekukalia utosini ndo utanielewa.

Chaguo langu la kwanza ni namba 10, futi 9, vipande vinne. Inapasua upepo wa kusi, inamudu kolekole wa kati, songoro, hata nguru, na inaingia kwenye basi bila kugombana na konda. Hakikisha chini ya rili (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi) kuna kitako cha kuegemeza tumboni, samaki akivuta dakika 20 mkono peke yake hautoshi.

La pili namba 12. Hii ni ya kolekole jitu na sulisuli, sababu kolekole mkubwa akishika anakimbilia mwambani akukatie mshipi, hapo unataka fimbo ya kunyanyua sio ya kurusha kwa raha. Mi nilianza nayo kwa tamaa, bega likavimba, mjomba wangu na mshipi wake wa mkono ndoo imejaa ananiangalia tu.

Namba 8 iwe ya tatu, ya kwenye mikoko asubuhi kabla upepo haujaamka, basi.

Ya mwisho kabisa ni zile ndefu za kuvulia samaki aina ya salmoni, za mikono miwili, futi 13 hadi 15, watu wanaziona mtandaoni bei poa wanachanganyikiwa. Zile ni za mito kama Spey kule Scotland, nyuma kuna miti huna pa kurushia, unauviringisha mshipi juu ya maji. Kwenye mtumbwi utamchoma mwenzio ndoano ya sikio. Za salmoni za mkono mmoja namba 9 au 10 hizo sawa, ila angalia pete za kupitishia mshipi zisiwe za kushika kutu.

Na hela nyingi peleka kwenye rili aisee, breki iwe imezibwa maji ya chumvi yasipenye, na iingize mita 200 za uzi wa akiba unaofungwa nyuma ya mshipi. Ya kwangu ya kwanza ilikuwa ya mtoni, wiki mbili tu ikaganda. Ukirudi osha kila kitu na maji ya bomba.

Msimbati ni ndani ya hifadhi ya bahari, ulizia kibali kabla hujashusha chombo. Na ukisikia radi laza fimbo chini haraka, kaboni inapitisha umeme.