Kwani washona kwa maua? Yaliyonikuta kwa fundi cherehani wa mjini

Nilisema ningoje hasira zishuke ndo niandike. Hazishuki. Basi naandika hivi hivi, na mkiona mahali nimepayuka mnistahimilie. Jina la duka silitaji, wenyewe wanajijua, na nyinyi mnaopeleka cherehani zenu mjini Mombasa, vichochoro vile vya nyuma ya Biashara Street, mkishasikia habari za kijana wa kaunta mtamjua bila kutajiwa.

Kwanza niwaeleze ni cherehani gani, manake wengi hapa ndo huanza kunicheka. Mie nashona mifarishi ya viraka. Si ya kuuza, mtu akiniuliza bei namwambia hakuna bei, nawashonea watoto wa ndugu zangu wakiolewa, wakizaa, wakihamia nyumba. Kitambaa changu ni leso kuukuu. Mji wa leso naukata viraka, pindo naziweka za kuzungushia ukingoni, na jina silitupi hata siku moja, nalishonea upande wa nyuma ili mwenye kujifunika ajifunike na neno lake. Ndani pamba, chini shuka, halafu napitisha mshono juu kuvishika vyote vitatu. Ni kazi ya baada ya isha, na feni nazima manake ikiwa juu viraka vyote vyahamia chini ya kabati.

Sasa huko kwenye viraka ndiko nilikopatia ugonjwa wa Singer za kizamani, zile nyeusi. Nazitaja kwa namba za modeli: ninayo 99 ndogo ya mkono, ninayo 15 ya miguu na stendi yake ya chuma, ninayo 28 ambayo uzi wake wa chini hauko kwenye bobini ya duara, umo ndani ya kijimashua kirefu kinachokwenda mbele na nyuma. Mume wangu asema sebule imekuwa karakana na sijapata la kumjibu. Watu huniambia si ununue ya umeme yenye mishono mia. Mishono mia niifanyie nini? Viraka vyataka mshono mmoja tu, ulionyooka, robo inchi kutoka ukingoni, kila kiraka robo inchi, manake ukizidisha uzi hapa na uzi pale ukifika mstari wa mwisho mfarishi mzima umeenda upande. Na hizi za kizamani hazijui zigizaga, bamba lake lina kitundu kimoja kidogo cha sindano basi, kiraka hakizami kikaliwa na meno. Tena ya mkono waipeleka mwendo wako, hata tundu moja moja ukifika kwenye kona, stima iwepo isiwepo.

Hii iliyonileta hapa ni 66, ya mkono. Niliipata kwa bibi mmoja wa Kibokoni aliyekuwa anahamia kwa mwanawe Kisauni, akaniuzia elfu sita na sanduku lake la mbao, na ufunguo juu. Namba yake ya kiwandani, ile iliyopigwa kwenye chuma, yaanza na F, na anayezifuatilia hizi anajua F ni za Clydebank kule Scotland, kiwanda ambacho chenyewe kilifungwa 1980. Yangu ni ya katikati ya miaka ya 1910. Yani imetoka kiwandani kabla nchi hii haijaitwa Kenya, jina ambalo lilikuja rasmi 1920. Na nakshi zake ni zile za yungiyungi, dhahabu juu ya weusi, maua yametandaa bapa lote la chini mengine yamepanda mkononi. Pamoja na hii hewa yetu ya chumvi inayokula hata bawaba za madirisha, ile dhahabu ilikuwa bado imeshika, ila pale mbele tu ambapo kitambaa hupita na kiganja hutulia, hapo ilikuwa imelika kwa mikono ya walioishonea. Hapo palipolika ndipo nilipopapenda kuliko pote.

Tatizo lilikuwa dogo. Gia ya mkono wa kuzungushia ilikuwa imelika meno, ukizungusha yaruka, na uzi wa chini ulikuwa unajikusanya mafundo. Duka hili nilikuwa nimesifiwa, na si na mtu mmoja, kwamba pale nyuma wana fundi anayejua hasa. Nikaipeleka kabla ya Ramadhani.

Na nawaambia, nilimwambia yule kijana. Kwa mdomo wangu. Nikamwambia usafi sitaki, hii msiiguse juu, mnitengenezee gia na mniangalizie uzi wa chini. Nikamweleza na sababu, labda nilikosa kazi siku hiyo: ile nakshi haikuchongwa kwenye chuma, ni picha nyembamba ya dhahabu imehamishiwa juu ya rangi nyeusi, na juu yake pamepakwa lakiri, ile inayotokana na utomvu wa wadudu wa India. Lakiri ikikutana na spiriti yayeyuka, na ikiyeyuka haiondoki peke yake, yaondoka na maua. Thina ndo usiseme. Mafuta ya cherehani na kitambaa laini, hayo hayaidhuru. "Sawa mama, usijali," huku macho yako kwenye simu. Akaandika risiti, nikaenda zangu.

Wiki moja ikawa kesho, kesho ikawa mama kuna kipuri twakingoja, Ramadhani ikaingia ikatoka, Idi tukala, ndo nikaambiwa njoo uchukue.

Akaitoa chini ya kaunta imefunikwa gazeti. Hajalifunua, harufu ya thina ishanifika puani. Nikajua. Lakini kujua ni kimoja na kuona ni kingine, manake alipovuta lile gazeti niliona weusi mtupu, tena si ule weusi wake wa kung'aa, wameisugua hadi imekuwa ya kijivu kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Bapa lote halina ua. Mkono hauna ua. Jina lake mgongoni limebaki G na kipande cha E. Nikaiinamisha, na kule chini ya mkono, pale penye pembe ambapo tambara halikufika, pamebaki jani moja la yungiyungi, dhahabu yake vile vile, ncha imekwaruzwa. Na kile kibati cha shaba cha ubavuni wamekisugua hadi kinawaka, naona hicho ndo walichokiona cha maana.

"Hii ilikuwa na maua," nikamwambia.

"Ilikuwa chafu mama. Tumekusafishia."

"Si nilikwambia usiiguse juu?"

Akacheka. Akawageukia wale mafundi waliokuwa wamekuja kununua uzi na sindano, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Sasa mama, kwani wewe washona kwa maua ama kwa sindano?"

Na wale nao wakacheka. Watu wazima na kanzu zao wakacheka. Mie umri wangu na heshima yangu nimesimama pale na cherehani iliyochunwa ngozi, kijana anayeweza kuwa mwanangu anitolea vichekesho. Sijui kama nimekasirika kwa ajili ya maua ama kwa ajili ya kile kicheko, lakini nikikumbuka usiku ni kile kicheko ndo chanigeuza upande.

Ngojeni, haijaisha. Akafungua droo akatoa stika. Wallahi. Stika za kipepeo, za cherehani za Butterfly, akazitandaza pale kama muuza picha, "Chagua moja nakubandikia bure, itakuwa mpya kabisa." Butterfly sizidharau, mafundi wengi wa mtaani wanalisha watoto kwa hizo, na yenyewe imefuata umbo la Singer 15, kwa hivyo ni jamaa. Lakini ndo unibandikie kipepeo juu ya Singer ya Clydebank? Hata kama hujui historia yake, jina si liko pale kwenye kibati ulichokisugua mwenyewe?

Nikaomba niijaribu kabla ya kulipa. Nikazungusha, ikakwama. Nikavuta kibamba cha juu ya bobini nikaangalia, nikakuta wametia bobini ya 15. Bobini ya 66 ina mashavu yaliyovimba kidogo pande zote mbili, ya 15 ni bapa, na ukiilazimisha ikae ndo hivyo, yakwama ama yakupa mafundo yale yale niliyoyaleta. Nikamwambia hii siyo bobini yake. Akanijibu, "Bobini ni bobini mama."

Hapo sauti yangu ilipanda, sitaficha, na kwa kupanda kwake ndo akatokea fundi wa nyuma. Mzee, miwani imefungwa kamba, vidole vyeusi kwa mafuta. Akaitazama cherehani, akamtazama kijana, akasema kwa upole tu, "Si nilikwambia hii usiitie thina?" Kijana kimya. Kisha akaniambia, "Mwanangu, mie nilishika gia peke yake. Haya ya juu nimeyaona sasa kama ulivyoyaona wewe." Nikamwambia ami, wewe sina neno nawe.

Na kweli sina, na hapa lazima nitende haki. Yale meno yaliyolika ameyajaza shaba akayapiga tupa moja moja, ukipitisha kucha husikii wapi ni ya zamani wapi ni mpya. Akatoa bobini yangu yenyewe kutoka kwenye kikopo, manake waliitoa na kuitupia humo, akaitia, akachana kipande cha marekani, akaniambia zungusha wewe. Jamani. Ule mkono ulikwenda mlaini hata mlio wake ulibadilika, na ule mshono, niliukagua juu nikaukagua chini, tundu zimelingana upande huu na upande huu, uzi haujavuta popote. Hata siku niliyoinunua haikushona hivi. Nikajikuta natabasamu na machozi yako pale pale, nikasema moyoni mwangu basi, yaishe, maua si kitu, nitawaandikia mazuri.

Nikaambiwa nilipe. Gia elfu mbili mia tano, sawa, kwa kazi ile hata zaidi ningetoa. Nageuka kushika sanduku langu nasikia, "Mama, bado usafi." Usafi gani? "Mia tano ya usafi, iko kwenye risiti."

Kanilipisha. Kunifutia dhahabu ya zaidi ya miaka mia, kanilipisha mia tano. Na cherehani haitoki dukani mpaka pesa itumwe, ami ashaitwa nyuma na mteja mwengine, nikatuma hizo pesa kwa simu na kidole chatetemeka hadi nikabonyeza namba ya siri kimakosa mara ya kwanza.

Baadaye mwenye duka akanipigia, nafikiri ami alimwambia. Nikadhani ataomba radhi. Ati, "Mama, kitu chenyewe cha kizamani, usijisumbue moyo, njoo nikuuzie mpya nikupunguzie." Nikakata.

Kuna shoga yangu aliniambia nakshi mpya zapatikana, ziko ng'ambo zinachapwa, waziloweka kwa maji wazibandika, hata yungiyungi zipo. Najua zipo, na wanaofufua cherehani zilizokwisha kabisa wazitumia na zapendeza. Lakini zile zikija zitakuwa nzima kila mahali, hata pale mbele, pale palipolika kwa viganja vya yule bibi na walio kabla yake. Hapo nitabandika nini?

Kwa hivyo mkiniuliza niende ama nisiende, sijui niwaambie vipi. Una Butterfly yako ya kazi, imekwama, yataka kuamka upesi wateja wasikimbie? Nenda, mkono wa yule mzee sijauona mwengine mjini hapa. Una ya kizamani yenye nakshi, yako ama ya nyanyako? Usiende. Ama nenda, lakini ikabidhi mkononi kwa ami mwenyewe na usiondoke hadi umeona imevuka ile kaunta salama. Mie ile 28 yangu imeanza kuruka mishono, nafikiri kijimashua chake kimekwaruzika ncha, na mtu ninayemuamini kukishika ni yeye yule yule. Namba yake nimeipata, si kwa duka. Nimemwambia aje nyumbani, chai na mahamri viko, na chupa ya thina aiache kwa wenyewe.

Nyota ningetoa tano za gia. Halafu nakumbuka "kwani washona kwa maua" nazirudisha zote.

Na ile mia tano ya usafi naitaka. Wanayo namba yangu, waliipigia.