Oili ya injini ya 15W-40 au 10W-30 kwenye lori la dizeli?
Oili ya 10W-30 ni nyepesi: injini haipotezi nguvu nyingi kuizungusha, hivyo dizeli huokolewa, kwa kawaida kama asilimia 1. Ni kidogo, ila lori la masafa marefu huihisi. 15W-40 hubaki nzito zaidi injini ikipata moto, na utando wake kwenye beringi za kranki huhimili vizuri mzigo mlimani.

Kosa kubwa ni kusoma namba za uzito tu na kuacha herufi za daraja la oili ya dizeli, yaani CK-4 au FA-4. 10W-30 ya CK-4 na ile ya FA-4 si kitu kimoja! Kwenye joto kali, mnato (uzito wa oili) wa CK-4 hauruhusiwi kushuka chini ya 3.5 mPa·s (kipimo cha mnato), FA-4 ni 2.9 hadi 3.2. Ukiimimina FA-4 kwenye injini isiyoundwa kwa ajili yake, beringi zinaweza kulika mapema. Injini iliyochoka, inayokula oili? Ibaki na 15W-40.