TAHADHARI: Bushi za bluu za "kiwango cha chakula" zinazouzwa mtandaoni

Wakuu, mnaotengeneza au kuendesha mashine za kusindika chakula, someni hapa kabla hamjatuma hela. Kuna muuzaji anazunguka kwenye magrupu ya mafundi na bushi za plastiki za bluu, yaani zile pete ambazo shafti ya mashine huzunguka ndani yake. Anadai ni asetali, plastiki ngumu ya vipuri vya mashine, ile inayoandikwa POM, hazitaki grisi, zinaruhusiwa kugusa chakula, na ana "cheti cha FDA", mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani. Jina simtaji, maana hubadilisha jina la duka kila mara, na wenzake wa mtindo huo ni wengi.

Zake tulizifunga kwenye shafti ya kichanganyio. Mashine ikiwa kavu zilizunguka bila shida. Baada ya kuoshwa kwa maji ya moto mara kadhaa, shafti ikaanza kubana, mota ikaunguruma, na kwenye ukingo wa bushi ukatoka unga laini wa bluu. Unga huo njia yake ni moja tu: chini, kwenye chakula. Nikakata bushi moja kwa msumeno. Bluu ilikuwa ganda la juu tu! Ndani ni kijivu chenye vidoa vyeusi, plastiki ambayo ukiitazama huwezi kusema imetokea wapi.

Kilichobana ni maji, na dalili zote ni za nailoni, si asetali. Nailoni ya kawaida, PA6, ikishiba hunywa maji hadi karibu asilimia 9 ya uzito wake. Inavimba, na kwa kuwa nje imebanwa na hausingi, yaani kasha la chuma inamokaa bushi, inavimbia ndani na tundu linapungua. Asetali haifiki hata asilimia 1. Hata hivyo asetali ya kweli nayo hutanuka kwa joto karibu mara tisa zaidi ya chuma, kwa hiyo fundi anayeifunga bila kuacha nafasi asimlaumu muuzaji.

Kuipima ni rahisi. Koroga chumvi kwenye maji mpaka ikatae kuyeyuka. Maji hayo yanakuwa na densiti ya karibu gramu 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo. Tumbukiza kipande, futa mapovu yaliyoshika pembeni. Nailoni tupu ina 1.14, itaelea. Asetali ina 1.41, itazama. Zetu zilielea zote. Ila kuzama si ushahidi kwamba ni salama, kwani PVC nayo inazama, na nailoni yenye nyuzi za kioo pia. Jaribio hili linamkamata mwongo, halimsafishi mtu.

Sasa hicho cheti. FDA ya Marekani haitoi cheti kwa bushi ya mtu wala kwa duka lake. Ina kanuni za malighafi; asetali kopolima (aina mojawapo ya asetali), kwa mfano, iko kwenye kanuni ya shirikisho namba 21 CFR 177.2470, na mtengenezaji ndiye anayetamka kwa maandishi kwamba bidhaa yake inafuata kanuni hiyo. Kwa Ulaya ni Kanuni 10/2011, yenye kikomo cha jumla cha miligramu 10 za vitu vinavyohamia kwenye chakula kwa kila desimita mraba. Tamko la kufuata kanuni hiyo ya Ulaya linataja mtengenezaji, bidhaa yenyewe, tarehe, aina ya chakula, muda na joto la kugusana. Karatasi niliyotumiwa ilikuwa na nembo kubwa na muhuri, basi. Nilipouliza jina la mtengenezaji na namba ya bechi nikajibiwa ni "siri ya kiwanda". Nilipodai hela yangu, akaniblock.

Rangi nayo isikudanganye. Viwandani bluu hutumika kwa sababu vyakula vya rangi hiyo ni nadra, kipande kikivunjika kinaonekana haraka. Haisemi lolote kuhusu kilichomo ndani. Vilevile jihadhari na zile anazosema "zimelowekwa mafuta". Muulize mafuta gani. Kwenye mashine za chakula yanatakiwa ya daraja la H1, yaani yanayoruhusiwa pale yanapoweza kugusa chakula kwa bahati mbaya, na akianza kuzunguka kwenye jibu, hayajui.

Kama umeshazifunga, zitoe kabla ya kuzalisha tena. Osha hausingi na shafti, kisha pitisha kidole kwenye shafti pale bushi ilipokaa: ikiwa na mikwaruzo, ing'arishwe kwanza, la sivyo itazila hata bushi halali utakazoweka. Bechi ya chakula iliyopita chini ya ule unga isitoke kiwandani.