Kipimo cha sikoseli kabla ya ndoa, maabara moja ya mtaani kwetu

Kama mnataka kuoana kapimeni na hii kitu, siyo ukimwi tu. Mapokezi mnakaa sana aisee, feni yenyewe haizunguki, ila dada aliyetusomea majibu ndo amefanya niwape nyota nne. Alichora boksi nne nyuma ya karatasi: baba AS, mama AS (A ni jeni nzima, S ni jeni ya sikoseli), mtoto anachukua herufi moja kwa kila mzazi, A inaifunika S ndo maana mtu wa AS kama mimi nipo fiti tu, ila S mbili zikikutana mtoto anazaliwa na sikoseli, na hiyo ni asilimia 25 kwa kila mimba, siyo kwamba mkipata mmoja mgonjwa watatu wanaofuata wako salama, hapana, kila mimba inaanza upya. Mchumba wangu ni AA, tukapumua.

Ulizeni kwanza wanatumia kipimo gani, maana kile cha bei chee kinasema tu S ipo au haipo, hakitofautishi AS na SS. Daini elektroforesisi, kipimo kinachotofautisha AA, AS na SS, hata kama bei imechangamka.