Siku tatu Pangani: ulizia maji kwanza

Nilikwenda Pangani kutokea Tanga, safari isiyozidi kilomita 50, na kituo cha kwanza kilikuwa njiani: Tongoni. Usipite bila kushuka. Kuna gofu la msikiti na makaburi zaidi ya 40 ya karne ya 14 na 15, mengine ya mnara, yenye vishimo vilivyopachikwa mabakuli ya kaure zamani hizo. Mwenyeji aliyetutembeza alituonyesha upande wa bahari ambako Vasco da Gama aliichoma meli yake, São Rafael, mwaka 1499, kwa kuwa mabaharia walishapungua mno kwa maradhi. Chukua mtu wa kukutembeza. Peke yako utaona mawe tu.

Pangani mjini nilitembea kwa miguu asubuhi nzima. Boma, nyumba za kale, milango ya nakshi. Ni mji huu ambao Wajerumani walimnyonga Bushiri bin Salim Desemba 1889, baada ya vita alivyowaongoza watu wa pwani kupigana nao. Nilisikitika kuona kuta za nyumba nyingi zikimomonyoka, mizizi imeshaingia hadi ghorofani. Anayetaka kuziona asingoje sana.

Lakini kilichonikaa moyoni ni mto. Tulipanda mashua alasiri, maji yakijaa, na mkondo wa bahari ukatusukuma wenyewe kwenda juu, mikoko kwanza, kisha minazi pande zote mbili hadi macho yakachoka. Maji hayo yametoka Kilimanjaro na Meru. Nahodha alizima mashine akatuacha tuelee kimya. Mamba mmoja alijitosa toka ukingoni, na ndege walikuwa wengi kuliko niwezavyo kuwahesabu. Saa mbili za namna hiyo ningelipia mara mbili.

Maziwe ndiyo iliyoniumiza. Kisiwa hiki zamani kilikuwa na miti. Sasa ni fungu la mchanga mweupe, na maji yakijaa sana hufunikwa lote. Mwenye boti tuliyekubaliana naye alichelewa saa nzima, bila hata neno la pole, na tulipofika mchanga ulikuwa umebaki kipande cha kusimama watu wachache. Tulizamia kuangalia matumbawe, mazuri kweli, lakini miguu haikukanyaga kisiwa. Basi kabla ya kulipa chochote, muulize mvuvi yeyote kupwa ni saa ngapi siku hiyo, na mwambie mwenye boti muondoke mapema ili mkikute kisiwa kikiwa wazi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ndizo mchanga hutokeza zaidi, ila ukichelewa maji hurudi kwa kasi.

Siku ya mwisho tulivuka kwa kivuko hadi Bweni, kuelekea Ushongo. Upande huu, Kikogwe, ndiko mkonge ulikopandwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1893. Mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Ushongo ufukwe ni mpana na mtulivu, na ndiko huhamishiwa mayai ya kasa waliotaga Maziwe, yasisombwe na maji. Vifaranga tulivikosa kwa siku mbili. Nimeshapanga kurudi, na safari hii nitapiga simu kwanza kuuliza viota vinaanguliwa lini.